Ramani ya Ukutani ya Mto Rufiji: Shajara ya Mradi

6 Julai 2024. Kwa nini tunaanza

Ramani iliyotundikwa kwenye chumba chetu cha jiografia bado inauonyesha Mto Rufiji ukipita kwenye Korongo la Stiegler kama ulivyokuwa unapita zamani. Bwawa la umeme la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye korongo hilo, lilianza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022. Mahali ambapo Ruaha Mkuu ulikuwa unaingia Rufiji, juu kidogo ya korongo, sasa ni ziwa. Mwanafunzi anasoma habari za megawati 2,115 za umeme wa bwawa hilo, akiinua macho ukutani haoni maji yanayozizalisha.

Tumeamua kuchora upya. Tunataka karatasi moja ya ukubwa wa A0, bonde zima la Rufiji, na kipande cha pembeni kinachokuza ziwa na mto unaolifuata. Data zote ziwe za bure, na programu iwe QGIS, ya bure ya kuchora ramani, ili mwalimu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida aweze kurudia kazi hii kwa mto wa kwao. Shajara hii inaandikwa kwa ajili yake. Hatua rahisi zitapita kwa sentensi moja. Zilizotusumbua zitaelezwa kwa urefu.

Kwa asiyelifahamu bonde hili: lina takriban kilomita za mraba 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mto wenyewe unaanza kuitwa Rufiji pale Kilombero na Luwegu zinapokutana, kwenye maporomoko ya Shuguli. Kutoka hapo unaingia kwenye pori la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako hakuna barabara inayoufuata. Ni sehemu hiyo ya pori iliyotuvuta zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyobadilika sana na ndiyo inayoonwa na watu wachache.

21 Julai 2024. Data na bando

Tumepakua data za mwinuko wa ardhi za SRTM zenye pikseli (viraba vidogo vinavyounda picha) za mita 30. Zilipimwa na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, mwezi Februari 2000. Ukongwe huo ndio faida yake kwetu: rada ile iliipima ardhi ya korongo miaka mingi kabla ya bwawa, kwa hiyo bonde lililozama leo bado limo kwenye data hizo.

Picha za setilaiti ni za Sentinel-2, pikseli za mita 10. Tulianza kwa kupakua mafaili mazima, na kila moja linakaribia gigabaiti moja. Bando la mwezi likaisha ndani ya juma. Dawa yake ni kutumia tovuti ya Copernicus Browser: unajiandikisha bure, unachora mstatili wa eneo unalolitaka, kisha unachukua mikanda ya mwanga unayoihitaji tu. Sisi tunahitaji mikanda mitatu: wa kijani (B3), wa mwanga ulio karibu na mwekundu usioonekana kwa macho (B8) na wa mawimbi mafupi ya aina hiyo hiyo (B11). Mzigo ulipungua mno.

4 Agosti 2024. Kilombero yakataa kuchorwa na kompyuta

Programu inaweza kuchora mito yenyewe kutokana na mwinuko: inauliza kila pikseli maji yake yatateremkia wapi, halafu inajumlisha. Kwenye milima ya Udzungwa na kwenye korongo matokeo yalikuwa mazuri hata tukayatumia yalivyo. Bonde la Kilombero likatoa mistari iliyonyooka kama ya daftari, mingine ikienda sambamba kilomita nyingi bila kukutana.

Sababu inaeleweka. Ardhi ile ni tambarare, na hitilafu ya SRTM ya mita kadhaa ni kubwa kuliko mteremko wenyewe. Isitoshe, rada inarudi kutoka kwenye vilele vya miti na matete, si kutoka kwenye udongo. Kompyuta inayaona matete kama kilima na kuuzungusha mto pembeni yake.

Tulijaribu kwanza kulainisha data kwa kichujio, na hali ikawa mbaya zaidi: kingo chache zilizokuwa zinaonekana zikafutika. Kilichofaa ni kuuchora mto kwa mkono juu ya picha za Sentinel-2 za kiangazi, kisha kushusha mwinuko wa pikseli zote zilizo chini ya mstari huo kwa mita 20, halafu kuiendesha programu upya. Sasa maji yanafuata mfereji wa kweli. Ukiifanya kazi hii, tunza nakala ya data za asili kwenye folda nyingine. Data zilizochimbwa hivi ni za kutafutia njia ya mto tu. Ukichora nazo mchoro wa mteremko wa mto, utapata korongo mahali ambapo kuna kinamasi.

25 Agosti 2024. Unene wa mistari ulitudanganya

Hili ndilo lililotufundisha zaidi hadi sasa.

Desturi ya ramani ni mto mkubwa kuchorwa kwa mstari mnene. Tuliiacha programu ipange unene kwa eneo la ardhi linalomwaga maji kwenye kila mto. Ruaha Mkuu ukatoka mnene kuliko yote, Kilombero ukafuata kwa mbali. Ramani ilipendeza, lakini ilikuwa inasema uongo.

Ruaha Mkuu unashika karibu asilimia 47 ya eneo la bonde zima la Rufiji, lakini unachangia takriban asilimia 15 tu ya maji. Kilombero una asilimia 23 ya eneo na unaleta kama asilimia 62 ya maji. Luwegu una asilimia 15 ya eneo na asilimia 18 ya maji. Kilombero unanyeshewa na milima ya Udzungwa na Mahenge. Ruaha Mkuu unakatiza nchi kame ya kati baada ya maji yake mengi kutumika kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu na kupotelea kwenye kinamasi cha Ihefu. Tangu 1993 sehemu yake inayopita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha imekuwa ikikauka wakati wa kiangazi.

Tumeondoa kanuni ya eneo na kupanga unene kwa mchango wa maji. Sehemu ya Ruaha Mkuu inayokauka imekuwa mstari wa vipande. Mwenzangu aliogopa kuwa wanafunzi watashangaa kuona mto mrefu ukiwa mwembamba kuliko mto mfupi. Mimi nataka washangae hivyo hivyo, maana wakishauliza sababu somo la hali ya hewa na la matumizi ya maji yanaingia yenyewe.

15 Septemba 2024. Mita 300 kuelekea kaskazini

Tuliazima karatasi za ramani za zamani za skeli ya 1:50,000 ili tupate majina ya vijito. Tulizipiga picha, tukazipachika kwenye QGIS kwa kutumia namba zilizochapwa pembeni, na kila kitu kikasogea. Kilima cha karatasi kilikuwa pembeni ya kilima chenyewe, kijito kilipanda ukingo. Pengo lilikuwa takriban mita 300, karibu lote kwenye mhimili wa kaskazini na kusini.

Karatasi zile zimejengwa juu ya mfumo wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, ilhali setilaiti na simu zinatumia WGS 84. Namba zinafanana kwa sura, lakini hazianzii mahali pamoja. Usizisogeze kwa mkono. Wakati wa kupachika picha, iambie QGIS kuwa karatasi ni ya Arc 1960, kanda ya UTM 37 Kusini (UTM huigawa dunia kwenye kanda kwa longitudo), ambayo namba yake kwenye QGIS ni EPSG:21037, kisha iache programu igeuze kwenda EPSG:32737, kanda hiyo hiyo kwa WGS 84. Karatasi za upande wa Usangu ziko magharibi ya longitudo ya nyuzi 36, kwa hiyo ni za kanda ya 36, namba EPSG:21036. Ukizichanganya, Usangu itaangukia mbali kabisa na mahali pake.

Je, mita 300 zina maana kwenye ramani ya ukutani? Skeli yetu kuu ni 1:750,000, ambako ni nusu milimita hata haifiki. Kwenye kipande cha pembeni cha 1:300,000 ni milimita nzima, na hapo jina la kijito linakaa kwenye kijito kingine.

Kuthibitisha skeli tumetumia madaraja mawili ambayo urefu wake unajulikana: Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, mita 970, na Daraja la Magufuli juu ya Kilombero karibu na Ifakara, mita 384. Yote mawili yanaonekana kwenye picha za setilaiti. Ukipima kwenye ramani yako na kupata namba tofauti sana na hizo, simama urudi nyuma.

13 Oktoba 2024. Maji, matope na moto

Kutenganisha maji na nchi kavu kwenye picha kunafanywa kwa hesabu fupi: unatoa mkanda mmoja kutoka kwa mwingine, unagawanya kwa jumla yake. Jaribio la kwanza lilitumia B3 na B8. Ziwa lilitoka vizuri. Mto ulio chini ya bwawa ukatoka umekatika vipande vipande, kwa sababu maji yenye mchanga na tope huakisi mwanga wa B8 karibu kama ardhi. Papo hapo, maeneo ya pori yaliyochomwa moto wa kiangazi yalianza kuonekana kama mabwawa, maana majivu ni meusi na B8 yake iko chini.

Tukabadili kwenda B3 na B11. Mto ukaungana, makovu ya moto karibu yote yakaondoka. B11 ina pikseli za mita 20, kwa hiyo mkondo mwembamba kuliko hapo unapotea. Tumeukubali upungufu huo. Vivuli vya kuta za korongo vilibaki vikijifanya maji, tukavifuta kwa kanuni kwamba pikseli yoyote iliyo kwenye mteremko mkali haiwezi kuwa mto mpana.

Kila umbo la maji sasa lina safu ya tarehe ya picha yake. Mto huu unahamahama kwenye mchanga wake. Mstari usio na tarehe hauwezi kukaguliwa na mtu mwingine, na kwenye ramani yetu hautakuwepo hata mmoja.

2 Novemba 2024. Mloka

Tulikwenda Mloka, kijiji kilicho karibu na lango la Mtemere la Hifadhi ya Nyerere, kupitia Kibiti. Tulichagua mwisho wa kiangazi kwa sababu maji yako chini na barabara inapitika. Droni hatukubeba, inahitaji vibali, na kwa skeli yetu isingeongeza kitu.

Tulitembea ukingoni na simu yenye GPS, tukichukua nukta za aina mbili: ukingo wa maji, na ukingo wa mchanga ambapo majani yanaanza. Mistari hiyo miwili iko mbali mno. Mchanga ni mpana, mweupe, umechorwa nyayo za viboko, na maji yamejikusanya kwenye mkondo wa upande mmoja. Nani mwenye haki ya kuitwa mto, maji yale au mchanga ule? Kwenye kipande cha pembeni tumeamua kuchora vyote: buluu kwa maji ya Oktoba, rangi ya mchanga kwa kitanda kizima.

Jioni tulitandaza chapa ya A3 mbele ya mzee mmoja mvuvi. Aliitazama kimya, akaigeuza ili kaskazini iwe upande wake wa kulia, kama mto unavyokaa mbele ya nyumba yake, kisha akachukua kipande cha tete na kukilaza juu ya kidimbwi tulichokuwa tumekiandika kuwa ziwa.

"Mwalimu, hapa mto ulipita. Mlau wetu ulikuwa huku," akasema, akisogeza tete. "Mto ulipohama, wenye mashamba nao wakahama."

"Shikamoo yangu ya asubuhi haikutosha, mzee. Naomba unionyeshe na ule wa kabla ya huo," nikamwambia. Akacheka, akaendelea kuonyesha.

Mlau ni kilimo cha Warufiji cha kufuata maji yanaporudi nyuma: mafuriko yakishuka, unapanda kwenye unyevu yaliouacha. Kwa karne nyingi watu hapa wamejenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wakaishi na mafuriko kama sehemu ya mwaka wao. Tumekwenda Mloka kupima kingo, tukarudi na tabaka jipya la ramani: njia za zamani za mto, kwa mstari hafifu wa kahawia. Tumezichora pale tu ambapo alama zake zinaonekana pia kwenye picha.

24 Novemba 2024. Ziwa kwa njia mbili

Kiwango cha bwawa likijaa ni mita 184 juu ya usawa wa bahari. Tulichora mstari wa mita 184 kwenye data za mwaka 2000 tukapata umbo la ziwa kabla hata halijakuwepo, kisha tukauweka juu ya ziwa la picha za Sentinel-2. Kingo za karibu na ukuta wa bwawa zilifuatana vizuri. Mikono ya juu ya ziwa, inayoingia kwenye mabonde yenye miti, ilitofautiana kwa njia mbili zinazopingana. Mstari wa mwinuko ulikuwa mdogo kuliko ukweli kwa sababu rada ilipima vilele vya miti. Na hesabu ya maji nayo ilikuwa inaacha mapengo kwa sababu miti iliyozama bado imetokeza matawi juu ya maji.

Hakuna njia moja iliyotosha. Tumetumia picha kama msingi, na mwinuko kujaza mapengo ya miti. Ukingo uliojazwa hivyo umechorwa kwa nukta, ili msomaji ajue wapi tumeona na wapi tumekisia.

Chini ya buluu ya ziwa tumeacha njia ya zamani ya mto ionekane kwa mstari mweupe mwembamba, pamoja na makutano ya Ruaha Mkuu. Nimetumia muda mrefu kwenye mstari huo kuliko ulivyostahili kwa ukubwa wake, na sijuti.

19 Januari 2025. Masika bila kuona anga

Tulitaka kuonyesha mafuriko ya Aprili 2024 kwenye Rufiji ya chini. Picha za Sentinel-2 za majuma yale ni mawingu matupu. Tukahamia kwenye rada ya Sentinel-1, ambayo inapenya mawingu. Maji tulivu huonekana meusi, kwa kuwa mawimbi ya rada yanateleza na hayarudi.

Matatizo yalikuwa mawili. Sentinel-1 ilikuwa jozi ya setilaiti, na ya pili iliharibika Desemba 2021, kwa hiyo wakati wa mafuriko ilikuwepo moja tu, na inarudi mahali pale pale kila baada ya siku 12. Kilele cha maji kinaweza kupita katikati. Ndiyo maana tabaka letu linaitwa "maji yaliyoonekana" likiwa na tarehe, wala halidai kuwa mwisho wa mafuriko. La pili ni majani. Maji yakiwa chini ya matete au mpunga, wimbi linagonga maji, linagonga shina, linarudi kwa nguvu: eneo lililofurika linang'aa badala ya kuwa jeusi. Kwa Rufiji ya chini tumelinganisha picha ya mafuriko na ya kiangazi, tukachukua palipobadilika sana kwa upande wowote. Kwa Kilombero hata hiyo haikufaa, tukaacha alama ya kawaida ya kinamasi.

2 Machi 2025. Majina

Mto Kilombero unaitwa pia Ulanga kwenye ramani za zamani; tumeandika Kilombero, na Ulanga kwa herufi ndogo chini yake. Tawi kubwa la Luwegu, Mbarangandu, limepata jina lake. Maziwa ya Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu na Mzizimia yote yamo. Korongo limebaki na jina la Stiegler kwa herufi za mlalo, bwawa likiwa na jina lake la sasa.

Upande wa kusini wa hifadhi ulikuwa unatoka mtupu, na utupu huo ulinisumbua. Wangindo waliishi huko mpaka serikali ya kikoloni ilipowahamisha miaka ya 1940, na vijito bado vina majina waliyovipa. Tumeviandika vyote tulivyovipata kwenye karatasi za zamani, hata pale ambapo mchoraji wa kawaida angeviondoa kwa kubana nafasi. Ngarambe pia imo, mashariki ya hifadhi, kwa kuwa ndiko Kinjikitile Ngwale alikogawa maji kabla ya vita vya Maji Maji vya 1905. Kwenye delta tumeandika Simba Uranga na Kikunja, na alama ndogo ya meli ya Kijerumani Königsberg iliyozamishwa humo Julai 1915.

27 Aprili 2025. Kuchapa

Chapa ya kwanza, ya karatasi, ilitoka ikiwa na buluu iliyogeuka zambarau, na mstari mweupe wa mto uliozama haukuonekana kabisa. Shilingi 35,000 zikaenda. Skrini inachanganya rangi za mwanga, mashine inachanganya wino, na duka halikuwa na muda wa kutusahihishia. Tulirudi na karatasi ya A3 yenye vipande kumi na viwili vya buluu, kila kimoja na namba zake za wino, tukaichapa kwenye mashine ile ile, tukachagua kwa macho. Mstari mweupe tukaunenepesha hadi milimita 0.6. Chapa za mwisho ni za turubai la mabango: halichaniki, linakunjika, na linafutika kwa kitambaa chenye maji.

Gharama hadi leo: bando 95,000, diski ya nje 160,000, safari ya Mloka, pamoja na chakula na mtumbwi, 240,000, chapa za majaribio za A3 12,000, chapa ya karatasi iliyoharibika 35,000, turubai nne 80,000. Jumla shilingi 622,000. Atakayerudia bila safari na akiwa tayari na diski atamaliza kwa chini ya 200,000 akizingatia ushauri wa bando na wa vipande vya rangi.

11 Mei 2025. Yaliyobaki

Turubai moja iko darasani, tatu zimekwenda shule za jirani. Wanafunzi wa kidato cha pili wamekwisha kuuliza kwa nini Ruaha Mkuu ni mwembamba.

Tutachukua picha mpya za ziwa kila Oktoba na kila Mei, tabaka jipya juu ya la zamani bila kufuta chochote. Kazi inayofuata ni mchoro wa mteremko wa mto kutoka Shuguli hadi baharini, wenye mistari miwili: uso wa mto wa mwaka 2000 na uso wa maji wa sasa. Kwa anayetaka kuanza na Ruvuma au Malagarasi, folda ya mipangilio ya QGIS haihitaji kubadilishwa isipokuwa kanda ya UTM. Malagarasi iko kwenye kanda ya 36 au ya 35, kutegemea sehemu unayoichora, na mpaka wa kanda hizo ni longitudo ya nyuzi 30.